*TAARIFA KWA WANACHAMA: SARAFU YA FEDHA SIYO FEDHA MFUKONI*



Tangu wiki iliyopita kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu yetu. Unataka wananchi tuiombe Benki Kuu itoe sarafu ya madini ya fedha kuadhimisha teknolojia ya Tanzania, yenye picha ya simu na mnara. Wanachama wameuliza tawi lina msimamo gani. Msimamo ni huu: *hatuungi mkono.* Sababu ni tatu.

*1. Sarafu za aina hii hazitufikii.*
Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru, zote za madini ya fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Nani hapa Kibondo aliwahi kurudishiwa chenji ya twiga yule? Zilikuwa za wakusanyaji. Na huyo faru? Miaka ya 1970 na 1980 majangili walikaribia kummaliza nchini. Sarafu ikabaki kwenye kasha, faru akakaribia kuisha porini. Kusifia kitu siyo kukilinda.

*2. Hesabu haijafungwa.*
Mimi ni mtu wa mahesabu. Hufungi mwaka kwa kupongezana kabla hujaangalia madeni. M-Pesa iliingia nchini 2008. Walioikuza huduma hii ya kutuma pesa kwa simu ni mama muuza maharage sokoni Kasulu, wakala aliyekaa chini ya mwavuli, na kijana wa Dar anayemtumia mzazi hela ya mbolea. Shukrani yao ilikuwa nini? Julai 2021 walipigwa tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Aliyetuma akakatwa, aliyetoa akakatwa, juu ya makato ya kampuni. Ni kelele za wananchi zilizofanya tozo ile ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na kupunguzwa tena baadaye.

*3. Wengi wetu hata laini siyo zetu.*
Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Bila namba ya NIDA huna laini kwa jina lako. Bila laini huna akaunti ya pesa kwenye simu. Sasa njoo kwetu mpakani. Muha akiomba namba anaulizwa babu yake alizikwa wapi, kwa sababu tu lafudhi yake inafanana na ya jirani wa Burundi. Wazee wengine vidole vimesuguliwa na jembe, mashine haisomi. Matokeo yake mtu mzima anatumia laini ya jirani. Siku wakigombana, akiba yake yote iko mkononi mwa mwingine. Huyu ndiye tumwambie ashangilie mnara kwenye sarafu?

Wapo watakaosema sarafu ya ukumbusho huuzwa bei ya juu kuliko madini yaliyomo, hivyo Serikali hupata faida. Inawezekana. Lakini faida hiyo haimpi mzee wa Heru Juu namba, wala haimpi mama wa Mabamba laini.

*TUNACHODAI*
▪️ Maombi ya namba yaliyokwama yajibiwe kwa maandishi, na sababu zitajwe.
▪️ Asiyesomeka vidole awekewe utaratibu mwingine.
▪️ Mwananchi asihojiwe uraia kwa lafudhi yake.

*TUNACHOFANYA*
Kila balozi wa shina aandike wanachama na majirani wasio na namba, wa chama chochote, na mwaka walioomba. Orodha ziletwe kwangu kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi. Tutazipeleka kwa diwani na mbunge, na tutasaini kitabu cha kupokelea. Namba za simu na majina ya watu *zisiwekwe kwenye grupu.*

Siku kila Muha mwenye haki atakapokuwa na laini kwa jina lake, waje na sarafu yao. Tutapiga makofi.

Sambaza.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
Kibondo