Hesabu ya Watumishi ni Amana
Huko Ulyankulu, katika nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo, jirani na njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambako mpagazi alijitwika takriban frasila mbili na kutumaini ujira wake, mchambuzi wa takwimu za watumishi huichukua leo amana ya makarani wa zamani walioandika ujira kama huo. Kwani mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipowasaka watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila mtumishi kuwapo, ilidhihirika kwamba daftari la mishahara lisilohakikiwa hula mali ya umma. Lakini tarehe moja ya kuzaliwa iliyokosewa yaweza pia kumchelewesha mwalimu wa kijijini kupata pensheni yake. Basi, enyi wachambuzi, kabla ya kulifuta jina mtafuteni mwenyewe, maana kila mstari ni riziki ya mja.