Mkutano wa Watu 19



Katika toleo lililopita la gazeti letu hili tuliandika maneno makali. Tulisema ya kwamba wanachama wa tawi letu wamelala, ya kwamba wengi hupenda kula matunda ya chama lakini hawapendi kuumwagia mti maji, na ya kwamba ni aibu mkutano wa kuchagua viongozi kuhudhuriwa na watu 19 tu. Leo twayarudia maneno hayo, si kwa kuyaongeza bali kwa kuyafuta. Aibu ilikuwa yetu.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ya tatu baada ya gazeti kutoka, mmoja wetu alikuwa akipita Mwembe Tayari kurudi nyumbani kutoka zamu ya asubuhi. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mkaazi wa Mji wa Kale, ambaye bado twampelekea gazeti kwa heshima, alimwita akamkalisha kwenye benchi la muuza kahawa. Akamwuliza:

"Mwanangu, mkutano wenu mliuita saa ngapi?"

"Saa saba unusu, baba."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

Mzee akanywa kahawa yake taratibu, asiseme neno, mpaka kikombe kikaisha. Kisha akasema, "Basi waliolala ni nani?"

Hatukuwa na jibu, wala hatunalo leo. Ijumaa saa saba unusu Waislamu wa tawi hili wamo msikitini au ndio kwanza watoka. Wale wa zamu ya saa nane wako njiani, na wakaao Likoni wangali kivukoni wakiomba feri isichelewe. Saa ile tuliichagua kwa sababu ilitufaa sisi wa kamati: tulikuwa hatuna kazi, na ukumbi ulipatikana bila malipo. Watu 19 walikuja, wakapiga kura, na baadhi yetu tukakaa vitini tukijiita viongozi wa tawi zima. Halafu tukachukua kalamu tukawatukana waliobaki.

Mzee huyo hakutuacha hapo. Alituuliza kama twakijua Kiwanja cha Maskini. Kijana aliyekuwa akiosha vikombe alidhani ni uwanja wa mpira. Twaandika basi, maana jambo hili si la wazee peke yao.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waliweka kazi chini. Hawakuwa makuli wa bandari peke yao. Watu wa reli walikuwamo, na wa mahoteli, na maboi wa majumbani, watu kadiri ya 15,000. Vita vilikuwa vimekwisha lakini bei za vitu zilikuwa zimepanda na mishahara imebaki chini, na nyumba za kupanga zilikuwa taabu kupatikana. Kwa siku 12 hivi mji ulisimama. Wenye kugoma walikusanyika kwenye kiwanja ambacho wao wenyewe walikipa jina hilo la Maskini, na chama chao kiliundwa katika siku zile zile, watu wakiwa tayari wamekaa chini juani. Chama hicho kilikuja kuitwa African Workers' Federation. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo; asema hotuba hazikumbuki hata moja, akumbuka mabega ya baba yake aliyembeba, na jinsi alivyotazama huku na huku asiuone mwisho wa watu.

Twaomba mwangalie jambo moja hapa. Watu walitangulia, uongozi ukafuata. Sisi tulifanya kinyume: tulijipa uongozi kwanza, kisha tukanung'unika ya kuwa watu hawafuati.

Bwana Eliud Mathu, ambaye tangu 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja Mombasa akawasihi warudi kazini, kwa ahadi ya kwamba madai yao yatasikilizwa. Walirudi. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likakaa mwaka huo huo, na nyongeza zikapatikana. Lakini mwezi wa Agosti serikali ilimkamata Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi mkuu wa chama kile, ikampeleka Kabarnet, Baringo, mbali na bahari na mbali na watu wake, naye akawekwa huko kwa miaka kadiri ya kumi. Chama kikadhoofika. Sisi twaona, na mwanachama aonaye vingine atuandikie, ya kwamba serikali ile ilielewa jambo ambalo vyama vingi mpaka leo havijalielewa: ukimweka mtu mmoja kuwa ndiye chama, adui ana mlango mmoja tu wa kuvunja.

Machi 1955 makuli waligoma tena, katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati mikutano ilikuwa kitu cha kuogopwa. Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Watu husimulia ushindi wake, yaani nyongeza ya asilimia 33 iliyopatikana baada ya usuluhishi, na ni haki wasimulie. Lakini sisi tunaofanya kazi ya kamati twaona kwamba lililokuwa gumu zaidi ni lile la kabla yake. Alisimama mbele ya watu wenye hasira, wenye haki ya kukasirika, akawaambia warudi kazini ili mazungumzo yaanze. Kuwaambia watu wagome ni rahisi, hata mtoto aweza. Kuwaambia warudi, nao wakakuamini, kunataka uwe umekwisha kukaa nao na kuwasikiliza. Jiulizeni kama sisi wa Ijumaa saa saba unusu tungeaminiwa.

Mtu mwingine tutakayemtaja hakuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, lakini ni wa hapa hapa kwetu. Abdilatif Abdalla alizaliwa Kuze, Mji wa Kale, mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka kwa Kiswahili akiuliza "Kenya: Twendapi?" Kwa karatasi hiyo alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 mpaka 1972. Gerezani hakuruhusiwa kuandika. Aliandika hata hivyo, kwa siri, juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka gerezani yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki, kilichochapishwa mwaka 1973 na kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Tuzo ilikuwa na jina la Rais yule yule ambaye chini ya serikali yake mwandishi alifungwa. Dunia ina vichekesho vyake.

Twamtaja kwa sababu mara nyingi twasikia wanachama wakisema, "Tutafanyaje nasi hatuna kitu?" Hatuna fedha, hatuna ukumbi, hatuna mashine. Mashine yenyewe ya kuchapishia gazeti hili ilikufa rola mwaka jana, na fundi mmoja wa karakana akaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ndiyo sababu mwaona wino mzito upande wa kulia wa kila ukurasa, na msitulaumu. Mtu asiye na kitu huanza na alicho nacho. Lakini kuna jambo la pili katika habari ya Abdilatif ambalo twaliona kubwa kuliko la karatasi. Alikuwa akiandika bila ya kujua kama kutakuwa na msomaji. Hiyo ndiyo twaiita imani, na hapa hatusemi imani ya msikitini wala ya kanisani peke yake. Mweka ada anayetoa shilingi zake kila mwezi huku akisikia kila siku ya kuwa chama kimekufa, naye ana imani ya namna hiyo. Tulimtukana mtu huyo katika toleo lililopita.

Sasa tumefanya nini? Kwanza, uchaguzi wa Ijumaa tumeufuta. Wenzetu wawili hawakupenda. Walisema katiba ya tawi haikuvunjwa, na kweli haikuvunjwa. Tuliwajibu kwa swali: tukikaa mbele ya mwajiri, naye akatuuliza twasema kwa niaba ya wangapi, tutajibu 19? Reli imebadilika. Tangu 2017 abiria wa gari la Nairobi hushukia Miritini, nje ya kisiwa, na kazi nyingi za zamani zimehama au zimekwisha. Wakati kama huu mwajiri huzihesabu kura zetu kabla yetu sisi wenyewe.

Pili, siku. Tulipotaja Jumapili, wenzetu wa kwaya waliguna. Tulipotaja Jumamosi, ndugu mmoja Msabato akanyanyua mkono, hakusema neno, akanyanyua mkono tu. Tulikuwa karibu kukata tamaa, na mwenyekiti alikwisha kusema ya kwamba Mombasa haina siku ya mkutano. Ndipo dada mmoja wa ofisi ya tiketi, ambaye hajawahi kuwa mjumbe wa kamati yoyote, akauliza, "Kwani ni lazima sote tukae chumba kimoja saa moja?" Alitaka mkutano mmoja wenye vikao viwili siku moja, ajenda ile ile, na sanduku moja la kura lisilofunguliwa mpaka kikao cha pili kiishe. Tuliisoma katiba mara mbili tukitafuta la kumpinga. Hatukuliona.

Kwa hiyo mkutano utakuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Kikao cha kwanza ni saa mbili asubuhi, kwa wanaotoka zamu ya usiku. Chai itakuwapo, maana hatutaki mtu apige kura huku akisinzia. Kikao cha pili ni saa kumi na moja jioni, baada ya Alasiri, na tutamaliza kabla ya Magharibi. Sanduku litafungwa kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja atashika mwanachama wa zamu ya usiku, mwingine wa zamu ya mchana, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa anagombea. Sisi tulioita mkutano wa Ijumaa hatutasimamia wala kuhesabu.

Mwanachama ambaye saa hizo zote mbili zamdhuru na aandike jina lake na zamu yake katika daftari lililo kwa dada wa ofisi ya tiketi kabla ya Jumatatu, nasi tutamtafuta mahali alipo.

Mhariri