Kijana wa uzamili anayemfundisha mhadhiri wake

Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, masomo ya mtandaoni yamekuwa wimbo wa vyuo vikuu vyetu. Hatuulizi sana ni nani anayeyaendesha. Kitengo cha teknolojia kina shughuli zake za kuangalia mtandao usikatike. Anayemkalisha mhadhiri mbele ya tarakilishi, mara nyingi, ni mwanafunzi wa uzamili au uzamifu aliye karibu na mlango.

"Mwanangu, hebu njoo unipandishie hizi noti." Huanza hivyo. Kisha kijana anaandaa darasa kwenye Moodle, anapanga jaribio, anafungua kikao cha Google Meet, na kumwonyesha mhadhiri namna ya kurekodi somo ili mwanafunzi wa Faza au Hola alipakue usiku, mtandao ukitulia.

Njia hii inafaulu kuliko semina, na sababu yake tunaijua sisi wa Pwani. Mtu mzima aliyefundisha miaka thelathini hawezi kuinua mkono ukumbini, mbele ya wadogo zake, aulize faili limeenda wapi. Atatikisa kichwa, atakunywa chai, atarudi ofisini na daftari lake lile lile. Lakini mlango ukifungwa, akiwa na mwanafunzi wake peke yake, atauliza hata lililo dogo kabisa. Heshima yake imesitirika.

Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, kililitumia jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitivo cha elimu kilimpangia mhadhiri mwanafunzi mmoja wa uzamili, wakikutana mara kwa mara muhula mzima. Kwa mwanafunzi huyo, kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya masomo yake.

Kwetu haihesabiwi popote. Na huyo anayeomba msaada huenda ndiye msimamizi wa tasnifu ya kijana. Atamkatalia vipi? Basi sura ya tatu inalala, muhula unapita, na karo ya muhula mwingine inamngoja. Wako watakaosema hiyo ni adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu. Kumsaidia mwalimu siku moja ni adabu. Kila Jumanne na Alhamisi kwa mwaka mzima ni ajira.

Kuna na hatari ambayo haisemwi kwa sauti: nywila. Mhadhiri, kwa kuaminiana, humpa kijana nywila yake, na nywila hiyo huenda ikafungua hata alama za mitihani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina mzaha na taarifa za watu. Alama zikibadilika, wa kwanza kunyooshewa kidole ni nani? Wala haihitajiki hivyo, maana Moodle yenyewe inaruhusu msaidizi apewe akaunti yake, yenye mamlaka yenye mipaka.

Pesa ndiyo ngumu. Wahadhiri wenyewe waligoma kuanzia Septemba 2025 hadi mwanzoni mwa Novemba wakidai malimbikizo yao, kwa hiyo kudai mishahara mipya kwa wasaidizi leo ni kujipa moyo tu. Lakini kupunguziwa karo si sawa na kulipwa taslimu. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vinaweza kuanza na idara moja moja: barua ya uteuzi, saa zinazojulikana kwa wiki, akaunti ya msaidizi, na sehemu ya karo isamehewe. Na kijana asipangiwe msimamizi wake mwenyewe. Apelekwe kwa mhadhiri mwingine, ambaye akizidisha saa, anaweza kuambiwa hapana.