MSIMBAZI: ARDHI ITAKAYOINULIWA IWE YA NANI?

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Mabasi husimama, na mfanyakazi wa Magomeni ambaye Kariakoo anaiona kwa macho yake ng'ambo ya maji, hana budi kuzunguka mji mzima au kurudi nyumbani akakosa ujira wa siku ile. Watu wamekwisha kulizoea jambo hili, wanalifanyia hata mzaha. Sisi twasema kulizoea ndiko kubaya zaidi, maana bonde hili limekwisha kuua. Katika mafuriko ya Disemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huu, na maiti za wengine ziliokotwa matopeni.

Sasa ipo mipango mikubwa, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo, nao Uholanzi na Hispania wakaongeza. Kwa ufupi mipango yenyewe ni hii: sehemu ya chini ya mto, mpaka Daraja la Salender, ifukuliwe na kupanuliwa, udongo utakaotoka humo ushindiliwe kandokando uwe matuta mapana yaliyopanda juu ya maji, na juu ya matuta hayo ujengwe mtaa mpya, katikati pabaki bustani kubwa ambayo mto ukijaa utaruhusiwa kuifunika, kisha uondoke, na pale Jangwani barabara ipite juu ya daraja refu. Twaiunga mkono mipango hii. Lakini kuiunga mkono si kuifumbia macho.

Kwanza yafaa kila raia afahamu kwa nini maji yanajaa, maana wako wanaosema ni kazi ya Mungu tu, na wako wanaosema ni takataka za maskini tu. Msimbazi unatoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Zamani mvua ya huko ilinywewa na msitu na mashamba, ikashuka polepole. Leo kuna mabati na saruji. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Maji yanayoanguka juu ya paa zote hizo hayana pa kuzama, hushuka kwa saa chache tu, yakichukua mchanga na udongo wa kingo. Yakifika bondeni ambako nchi ni tambarare, mwendo wake hupungua na mchanga hutua. Hivyo kitanda cha mto huinuka mwaka hadi mwaka, na mto uliokwisha inuka utapita wapi kama si nyumbani kwa watu? Kisha kuna bahari. Mvuvi yeyote wa Feri atakwambia habari za bamvu: mvua kubwa ikikutana na maji makuu, mlango wa Salender hauwezi kutoa maji ambayo bahari yenyewe inayasukuma ndani. Huwezi kushindana na mambo hayo kwa ukuta. Dawa yake ni nafasi, na mikoko ya mlangoni ni sehemu ya dawa hiyo, si kichaka cha kufyekwa ili watu wapate kuona bahari.

Wenzetu wa Beira, Msumbiji, wamefanya jambo kama hili kwa mto wao wa Chiveve: waliufukua, wakaweka malango ya kupima maji ya bahari, wakafanya bustani katikati ya mji. Basi si ndoto za wasomi.

Tugeukie jambo linalotukera. Bonde la Msimbazi lilitajwa kuwa ardhi ya hatari tangu katika ramani kuu ya mji ya mwaka 1979. Kwa sababu hiyo mwananchi aliyejenga bondeni ameitwa mvamizi, na Disemba 2015 nyumba zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu zikavunjwa. Vema, sheria ni sheria. Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Ilijengwa Jangwani, katika bonde lile lile, na mabasi yenyewe yalipoanza safari mwaka 2016 haukupita muda karakana ikaogelea. Haikuogelea mara moja tu. Kama mwenye kibanda alipaswa kujua kuwa pale ni njia ya maji, je, mwenye digrii na mhuri hakupaswa?

Tunalisema hili kwa sababu ya yale matuta. Ardhi iliyoinuliwa kutoka majini, hatua chache kutoka Kariakoo na Upanga, penye bustani mbele yake, itakuwa miongoni mwa ardhi zenye thamani kubwa kabisa katika Tanzania. Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi: Oyster Bay penye upepo wa bahari akajiwekea Mzungu, Mwafrika akaachiwa Kariakoo, Ilala na Magomeni, kandokando ya bonde. Hatukuuondoa mgawanyo ule ili tuurudishe kwa bei ya kiwanja. Viwanja vya Jangwani ni mahali walipokusanyika baba na mama zetu katika miaka ya 1950 kumsikiliza Mwalimu Nyerere. Itakuwa aibu iwapo wajukuu wao watapaona kwa nje ya uzio.

Baada ya mafuriko ya 2011 wakazi wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa mji. Ilikuwa nia njema. Lakini fundi viatu wa Kariakoo au muuza samaki wa Feri hali kiwanja, anakula kazi yake, na nauli ya kwenda na kurudi iliimaliza faida. Wako waliorudi. Katika fidia za mipango hii mipya nako wengi walilalamika kwamba walilipwa nyumba lakini si ardhi, kwa kuwa ilihesabiwa ya hatari. Na mpangaji wa chumba kimoja, ambaye bondeni ndiye mwenye wenzi wengi, mara nyingi hana hata karatasi ya kumtaja. Kwa rai yetu, sehemu ya nyumba za juu ya matuta, na isiwe sehemu ya kusingizia, iwe za kupanga kwa kodi ambayo mchuuzi anaiweza, na wa kwanza kuitwa wawe waliotoka bondeni.

Liko jambo jingine ambalo halipendezi kulihutubia jukwaani, nalo ni koleo. Mto ukifukuliwa leo, mchanga utarudi msimu ujao, kwani vilima vya Pugu bado viko wazi. Mkopo hulipa kufukua mara ya kwanza. Mara ya kumi atalipa nani? Fungu la kazi hiyo lazima liandikwe kila mwaka katika bajeti, na huko juu miti ipandwe, mabwawa ya kupunguza kasi ya maji yachimbwe, na viwanda vizuiwe kumwaga uchafu wao mtoni. Bila ya hayo bustani itakuwa jaa lenye mabenchi. Wachimba mchanga ambao hufukuzwa na askari wapewe kazi hiyo kwa utaratibu na ujira. Wanaujua mto kuliko mtambo wowote.

Tunaitaka Serikali, kabla hata kiwanja kimoja cha juu ya matuta hakijatolewa, itangaze ni nyumba ngapi zitakuwa za wananchi waliohamishwa, kodi yake itakuwa kiasi gani, na fungu la kufukua mto litatoka wapi kila mwaka. Itangaze kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, tangu Kigogo hadi Upanga.