Subira ya Mwanafunzi Isitupumbaze

Kila yanapotajwa maradhi ya Korona, wanafunzi wetu wa vyuo vikuu husifiwa kwamba walisubiri, wala masomo hawakuyatupa. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini mimi naiogopa, kwani anayesifiwa kwa kubeba mzigo mara nyingi huongezewa mwingine.

Tukumbuke, ndugu wasomaji. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi, 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa skuli na vyuo vifungwe. Aprili ikazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale; na Mei, tumo katika mfungo wa Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Misikiti imefungwa, tarawehe twasali majumbani.

Binti wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Masomo yakahamia kwenye simu, na simu ya maana nyumbani ilikuwa moja, ya babake, mpishi wa hoteli iliyokwisha funga milango. Pesa za bando zikawa zashindana na pesa za unga. Siku moja nilimkuta ukumbini, daftari pajani, simu imezima. Nikamwambia, "Subiri mwanangu, subira yavuta heri." Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, mimi nasubiri. Mtihani ndio haunisubiri."

Jibu lile lilinirudisha chuoni, kwenye Kurani na ubao. Nilijidhani mvumilivu, kumbe nikikosa siku mbili, Maalim hutuma wenzangu waje waniulize. Subira yangu ilikuwa na watu nyuma yake.

Na si mimi tu. Ibn Khaldun alikuwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba Tauni Kuu ilipoingia Tunis mwaka 1348. Iliwachukua wazazi wake wawili na wengi katika mashekhe wake. Aliandama mwalimu aliyebaki, al-Abili, akasoma kwake. Na mwalimu alipoitwa Fez, haikupita miaka mingi naye akafuata. *Muqaddima* aliiandika mwaka 1377. Asingebaki mtu wa kumsomesha, subira yake ingemfikisha wapi?

Mpwa wangu naye alishikwa mkono. Wenziwe wanne walipeana zamu: mwenye bando husikiliza somo, kisha huwaandikia wengine. Na mhadhiri mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini haonekani. Leo amehitimu. Lakini mtaani mwetu kulikuwa na kijana mwengine, mwepesi wa hesabu kuliko yeye. Hakuna aliyempigia. Akashika bodaboda ili nyumbani wale, na vyuo vilipoanza kufunguliwa kwa awamu, mwishoni mwa 2020, hakurudi. Je, huyu alikosa subira? Alisubiri kama mwenziwe. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Vyuo vikuu na viweke daftari la wanaokosekana, na mtu wa kuwafuata. Na sisi wazee na majirani tusitosheke na methali, kama nilivyotosheka mimi siku ile. Maafa mengine yakija, swali la kwanza lisiwe nani amevumilia. Liwe: nani hakuonekana, na nani amekwenda kumpigia hodi?