Mtoto huyu asilinde tu viatu vya wenzake

Ikifika saa kumi za mchana, jua likianza kulegea juu ya ziwa Tanganyika, viwanja vya Baraka vinajaa watoto. Wengine wako na mpira wa duka, wengine wamekunja masashe, wakayafunga na kamba, na mpira umepatikana. Ukipita hapo, angalia vizuri pembeni. Mara nyingi utamwona mtoto mmoja ameketi karibu na rundo la viatu na mashati. Goli likiingia anacheka na kupiga makofi, lakini hakuna anayemwita aingie. Kazi aliyopewa ni kulinda viatu vya wenzake. Huyo ndiye yule ambaye mtaani wanamwita "kijinga", au jina lingine baya kupita hilo. Na huyo bado ana bahati, maana amefika kiwanjani. Wenzake wako ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa nje, na wengine wako na kamba kwenye mguu.

Sisi tunaoandika haya ni wazazi na walimu wa hapa Fizi. Nyumba hizo tunazijua, juu baadhi yetu tumeishi ndani yake. Kwa hiyo hatukuja kumhukumu mzazi yeyote. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba. Baba yuko ziwani usiku kucha anatafuta ndagala, na mchana analala. Barabarani motari wanakimbia bila kuangalia, ziwa liko hatua chache kutoka mlangoni, na siku risasi zikilia, mtoto asiyeelewa neno "kimbia" anaweza kubaki nyuma. Kamba ile mzazi aliifunga kwa woga, hakuifunga kwa chuki. Lakini mtoto mwenyewe hajui tofauti hiyo. Anachojua ni kwamba mguu unauma, na kwamba wenzake wanacheza nje.

Neno letu leo ni hili: mtoto mwenye ulemavu wa akili anahitaji kukimbia, kuruka na kucheza sawa na mtoto mwingine yeyote, na kwa kuanza hatuhitaji kungoja mradi wala mzungu. Tunahitaji kiwanja tulicho nacho tayari, mtu mzima mmoja wa kusimama hapo, na moyo wa kumwita mtoto kwa jina lake.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Watu wengi kwetu wanaweka pamoja ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili ni mtu aliyekuwa mzima, kisha akapatwa. Huyo kuna dawa na matunzo, kama yanayotolewa Bukavu, kwenye kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Karita. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye tangu utoto anachelewa kujifunza: kusema, kuhesabu, kuvaa, kujilinda. Anajifunza, ila polepole. Wengine walizaliwa hivyo, kama watoto wa trizomi 21. Wengine walikosa hewa wakati mama alipata shida ya kuzaa. Wengine waliachwa hivyo na malaria iliyopanda kichwani au na homa ya uti wa mgongo. Hata chakula kinaweza kuleta shida hiyo. Hapa hapa Sud-Kivu, kwenye kisiwa cha Idjwi, madaktari wa Ubelgiji walichunguza miaka ya 1960 wakakuta watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa shingo, na watoto waliochelewa akili, juu chakula chao kilikosa ayodi. Ndiyo sababu leo chumvi inatiwa ayodi. Hakuna laana hapo, na hakuna sababu ya mama kutafuta ni jirani gani aliyemroga.

Sasa tuangalie mwili wa mtoto anayefungiwa. Miguu isiyotembea inakuwa dhaifu. Anapata choo kwa shida, usiku halali vizuri, mchana anapiga kelele, na watu wanasema "ona, kichaa kimepanda." Wengine wananenepa vibaya hata kama chakula cha nyumbani ni bugali na sombe tu. Mtoto wa trizomi 21 tangu kuzaliwa misuli yake ni laini. Asipoitumia, hata kupanda ngazi ya kanisa itamshinda akiwa kijana. Mwaka 2020 shirika la afya la dunia, OMS, lilitoa mwongozo ambao kwa mara ya kwanza ulitaja wazi watu wenye ulemavu. Linasema watoto wenye ulemavu wa kuanzia miaka 5 mpaka 17 nao wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchezesha mwili mpaka pumzi ibadilike, na watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Ni dakika zile zile za watoto wengine. OMS haikuwapunguzia kitu.

Faida nyingine mwalimu yeyote anaiona bila kipimo. Mtoto anayecheza anajifunza kungoja zamu yake. Anajifunza majina ya wenzake. Anajua kwamba filimbi ikilia tunasimama. Na huyo aliyejifunza kusimama filimbi ikilia, ndiye utaweza kumfundisha kusimama pembeni ya barabara moto inapopita. Woga ule uliotufanya tufunge kamba, dawa yake inaanzia uwanjani.

Wengine watasema mambo haya ni ya nchi tajiri. Turudi nyuma kidogo. Familia ya Kennedy kule Marekani ilikuwa na pesa na jina kubwa, na John Kennedy alifika kuwa rais. Lakini dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, na kwa miaka mingi familia ilinyamaza juu yake. Mwaka 1962 dada yao mwingine, Eunice Kennedy Shriver, alivunja ukimya huo akaandika wazi kwenye gazeti. Mwaka huo huo alifungua uwanja wa nyumba yake mwenyewe, akaita watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kukimbia na kucheza mpira, kila mtoto na kijana wa kumsindikiza. Miaka sita baadaye, Julai 1968, michezo ya kwanza ya Special Olympics ilifanyika mjini Chicago, na karibu wanamichezo 1.000 walishiriki. Juni 2023, mjini Berlin, walifika karibu 7.000 kutoka duniani kote, Waafrika wakiwemo. Afrika nayo ilifanya michezo yake Kairo mwezi Januari 2020. Kitu tunachotaka msomaji akumbuke si Berlin. Ni kwamba hata watu wakubwa waliona haya na kuficha, na kwamba kazi yote ilianzia kwenye uwanja wa nyumba.

Leta yetu nayo imekwisha kuandika maneno mazuri. Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinasema wazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo pamoja na wenzao, hata ile ya shuleni. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Lakini nenda shuleni siku ya jimnastiki. Mtoto huyo, kama aliandikishwa, ataambiwa akae chini ya mwembe alinde mifuko. Mwalimu hafanyi hivyo kwa ubaya. Yuko na watoto wengi kupita kiasi na hakuna aliyemfundisha. Hata hivyo, sheria ya Kinshasa haitafika chini ya mwembe huo kama sisi wenyewe hatutaipeleka.

Tunasikia pia sauti nyingine, na hiyo ndiyo nzito: "Tuko na vita, tuko na njaa, na ninyi munatuletea mambo ya michezo?" Ndugu, vita tunaijua. Wengi wetu tuliovuka ziwa tulikulia Nyarugusu, kule Tanzania. Mgao wa chakula haukutosha, lakini jioni watoto walicheza, na hakuna mzazi aliyesema wangoje amani kwanza. Mtoto wa kawaida tumemruhusu kucheza katikati ya shida zote. Kwa nini huyu mmoja ndiye angoje mpaka nchi itulie?

Na kuna wanaosema: "Huyu wetu mazoezi anafanya, anachota maji kutwa nzima." Hapo tuseme ukweli bila kuzunguka. Kuna nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu wa akili amekuwa punda wa wote: maji yeye, kuni yeye, kutwanga sombe yeye, juu hawezi kukataa. Kusaidia nyumbani ni vizuri, kila mtoto asaidie. Lakini bidoni ya lita 20 kichwani mara kumi kwa siku inavunja shingo na mgongo, na hakuna mwenzake anayecheka naye njiani. Mchezo ni kitu anachofanya pamoja na wengine, kwa furaha, na anaweza kusema "nimechoka" akapumzika.

Basi tufanye nini? Tuanze na mambo madogo. Watoto watano au sita wanatosha, wenye ulemavu na wasio nao wakichanganyika timu moja. Siku zile zile na saa ile ile, maana mtoto huyu anashika utaratibu kuliko maneno. Usimweleze mambo matatu kwa mara moja. Mwonyeshe moja, ulifanye mwenyewe, afuate. Kutupa mpira ndani ya beseni, kuruka kamba iliyolazwa chini, kukimbia mpaka kwenye mti na kurudi, kupiga teke, kucheza ngoma: hayo yote hayana bei. Anza na dakika kumi, uongeze polepole. Asiyependa kelele, mwache atembee ufukoni na mtu anayemzoea.

Na tuwe waangalifu. Mtoto mwenye kifafa asiingie ziwani bila mtu mzima kumshika, hata maji yakiwa ya magotini. Karibu nusu ya watoto wa trizomi 21 wanazaliwa na kasoro ya moyo, na wengine shingo yao ni legevu: wapite kwanza kituo cha afya, na wasipinduliwe kichwa chini. Midomo ikiwa ya bluu, simamisha mchezo. Wasichana wasiachwe peke yao na mtu yeyote, hata akiwa jamaa. Awepo mama mmoja kila mara. Watu wabaya wanamtafuta asiyeweza kusimulia.

Kwa hiyo tunawaomba hivi. Wakurugenzi wa shule kuanzia Mboko mpaka Lulimba: siku ya jimnastiki, muondoe mtoto chini ya mwembe. Wachungaji, mapadri na maimamu: mukiombea familia hizi, muwaombee na mlango ufunguliwe, viwanja vyenu viko tupu siku nyingi za juma. Wale wa zone za afya za Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe: relé komunoteri wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo, waulize pia kama kuna mtoto asiyetoka, nao waliomo kambini Lusenda wasisahauliwe. Wakubwa wa sekta zetu nne: mukipima viwanja, muache nafasi ya watoto kucheza, musiuze yote. Bukavu iko na kituo Heri Kwetu kinachopokea watoto wenye ulemavu. Kuna mengi ya kujifunza huko, njia ikifunguka.

Na akina baba, hasa wavuvi. Siku za mbalamwezi ndagala hazifuati taa na mitumbwi inalala. Ni siku chache kila mwezi ambazo muko nyumbani jioni. Chukua mtoto wako mkono, mwende pamoja mpaka kiwanjani. Watu watakuangalia, waache waangalie. Ukifika, usimketishe karibu na viatu. Mwambie yule kapteni mdogo wa timu: "Huyu naye anacheza." Halafu simama hapo mpaka mpira umfikie.