Kidodi Hatukwami

Kuna hoja iliyochapishwa kwamba gari la mseto la kuchaji, tena la mtumba, ni la matajiri wa Masaki. Eti huku kwetu Kidodi umeme ukikatika litakwama. Litakwamaje na tangi la petroli linalo? Mitsubishi Outlander PHEV ya 2013 ina injini ya lita mbili: chaji ikiisha, injini inaendelea na safari. Wala halidai kituo maalumu. Soketi ya nyumbani iliyofungwa vizuri na fundi inatosha kulichaji usiku. Na huo umeme unatoka wapi? Kidatu, jirani zetu, pana mitambo ya megawati 204! Betri ya gari la mtumba kuchoka ni kweli. Basi ipimwe kabla ya kulipa. Asiyepima, hata pikipiki itamliza.